Bitchat inafanyaje kazi bila bando, na kwa nini ukiifungua unajikuta uko peke yako

Tangu uchaguzi wa Uganda wa Januari 2026 swali hili nimeulizwa na watu wengi sana, wengine majirani, wengine ndugu walioko Kampala, wengine watu tu waliokutana na jina kwenye magrupu. Wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: je ni kweli kuna apu ya kutuma meseji bila intaneti, na mbona mimi nimeipakua, nimeifungua, nikaandika "hello" na mpaka leo hakuna aliyejibu?

Jibu fupi ni ndiyo, ipo, na hiyo "hello" yako haikujibiwa sio kwa sababu apu ni mbovu. Haikujibiwa kwa sababu hakukuwa na mtu karibu yako wa kuisikia. Ukishaelewa hapo utakuwa umeelewa nusu nzima ya hii habari, lakini twende taratibu maana nimeona watu wanapotoshana vibaya, na hiki ni kitu ambacho kupotoshana kunaweza kumuumiza mtu.

Tuanze na hii tuliyoizoea. Ukimtumia mtu meseji ya WhatsApp, hata kama mmekaa kochi moja magoti yanagusana, ile meseji inatoka kwenye simu yako, inaenda kwenye mnara wa kampuni ya simu, inasafiri nje ya nchi mpaka kwenye seva, yaani zile kompyuta kubwa za kampuni yenye apu, halafu ndo inarudi safari yote hiyo mpaka kwa mwenzio aliye pembeni yako. Kwa hiyo njia ikikatwa sehemu yoyote, mnara umezimwa, au serikali imeagiza makampuni yafunge intaneti, au kebo ya baharini imekatika, nyie wawili wa kochi moja hamuwezi kutumiana hata nukta.

Bitchat haipiti huko kabisa. Inatumia Bluetooth, ile ile ya spika na earphone, ile ile tuliyokuwa tunatumiana nyimbo enzi za Nokia tukiwa tumeziweka simu mbili mezani na kuomba isikatike katikati. Simu inaongea na simu moja kwa moja. Hakuna seva, hakuna kujisajili, hakuna namba ya simu, hakuna imeili. Unaipakua, unaiwashia Bluetooth, inakupa jina la muda la "anon" lenye tarakimu mbele yake, ukitaka unalibadilisha, basi umeshaingia.

Sasa watu wanauliza, Bluetooth si inafika hapo hapo tu? Ndiyo inafika hapo hapo tu, makumi ya mita, na ukuta wa tofali unaipunguza zaidi. Ujanja uko kwenye kupokezana. Fikiria daladala imejaa, wewe umebanwa siti ya nyuma kabisa na konda yuko mlangoni. Hauinuki. Unampa aliye mbele yako mia tano, naye anampa wa mbele yake, inapita mkono kwa mkono mpaka inamfikia konda, na chenji inarudi njia hiyo hiyo. Wale waliopokezana hamjuani na wala hawashuki kituo chako, lakini nauli imefika. Bitchat iko hivyo hivyo, kila simu iliyo na apu imewashwa inapokea meseji za wengine na kuzisogeza mbele, na meseji moja inaruhusiwa kurushwa hivyo mara 7, baada ya hapo inakufa, la sivyo meseji zingekuwa zinazunguka bila mwisho na kuzijaza simu zote. Ukisikia mtu anasema "mesh" ndo anamaanisha hii. Ni wavu. Kila simu ni fundo moja la wavu, na mafundo yakiwa machache ni matundu matupu.

Na hapo ndo jibu la "mbona niko peke yangu" lilipo. Daladala ikiwa tupu, wewe uko nyuma na konda yuko mbele na katikati hakuna mtu, nauli yako haiendi popote hata ukinyoosha mkono vipi.

Mwenyewe nilitaka nione kwa macho kwa hiyo Jumamosi moja hapa Tandika nikamuomba mdogo wangu na binamu yangu tujaribu. Simu tatu, zote tumezima data na waifai, tumebakisha Bluetooth. Skrini yake ni nyeusi na maandishi ya kijani kama kompyuta za zamani, juu kuna kinamba kinachoonyesha watu wangapi wako kwenye wavu. Tukiwa uani meseji zinaingia fasta kabisa kama kawaida. Nikamwambia mdogo wangu aanze kutembea kuelekea barabarani huku anaandika namba, moja, mbili, tatu. Kwenye nyumba ya nne kutoka kwetu zikaacha kuja. Kimya. Nikamtuma binamu akasimame dukani kwa Mangi, ambako ni katikati yetu, asifanye chochote, akae tu na simu mfukoni apu ikiwa imefunguliwa. Haikupita muda mrefu namba zikaanza kuingia tena. Binamu hakugusa simu yake hata mara moja, alikuwa ananunua vitunguu, lakini simu yake mfukoni ndo iliyokuwa inabeba meseji za mdogo wangu kuniletea mimi. Alipomaliza akaanza kurudi nyumbani na vitunguu vyake, zikakatika tena.

Mimi hiyo picha ya binamu na vitunguu ndo imenifundisha kuliko maelezo yote niliyosoma.

Apu yenyewe imetoka wapi? Imetengenezwa na Jack Dorsey, huyu ni mmoja wa walioanzisha Twitter mwaka 2006. Julai 2025 aliandika kwamba wikiendi hiyo alikuwa anajifunza mambo ya Bluetooth na kupokezana meseji, akatoa toleo la majaribio la iPhone na nafasi 10,000 za kujaribu zikajaa haraka sana, mwisho wa mwezi huo huo ikaingia App Store. Watu walivyoipokea siku zile za mwanzo waligawanyika. Kuna waliofurahi mno kwamba hatimaye kuna kitu hakimtegemei tajiri yeyote wa seva. Kuna waliouliza, na waliuliza vizuri, kitu kilichotengenezwa wikiendi moja unawezaje kukikabidhi siri za watu? Na haikupita muda mtafiti mmoja wa usalama akaonyesha kwamba mtu anaweza kujifanya ni rafiki yako uliyemweka kwenye orodha ya uwapendao, na wewe usigundue. Dorsey mwenyewe akaweka onyo wazi kwamba apu bado haijakaguliwa na wataalamu wa nje na isitegemewe kwa mambo nyeti, halafu wakabadilisha namna inavyofunga meseji. Nawasifu kwa kusema ukweli mapema, lakini lile onyo wengi walioipakua Afrika hawakuliona kabisa kwa sababu wao walipata linki kwenye grupu, sio maelezo.

Pia sio wazo jipya. Hong Kong mwaka 2014 waandamanaji walitumia apu ya aina hii inayoitwa FireChat, mwaka 2019 wakatumia Bridgefy, na Bridgefy ilipokaguliwa mwaka 2020 na watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza ikakutwa na matundu makubwa ya usalama wakati watu walishaiamini. Kuna na Briar ya Android ambayo iko siku nyingi. Kwa hiyo tahadhari za watu hazitoki hewani.

Ila kilichoipaisha Bitchat ni kuzimwa kwa mitandao. Septemba 2025 serikali ya Nepal ilifungia mitandao ya kijamii 26 kwa mpigo, maandamano ya vijana yakalipuka, na watengenezaji wanasema karibu watu 50,000 wa huko waliipakua kwa siku moja. Mwezi huo huo upakuaji wake ukapanda Madagascar wakati vijana wanaandamana kwa ajili ya maji na umeme. Oktoba kimbunga Melissa kikapiga Jamaica, minara ikaanguka, huko hakuna siasa kabisa ni watu tu wanatafutana, nako ikapanda. Sisi wa Tanzania intaneti ilikatika 29 Oktoba 2025 siku ya uchaguzi na ikakaa siku kadhaa, na naamini kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa wapi na alikuwa anamtafuta nani. Halafu Uganda. Kuelekea uchaguzi wa 15 Januari 2026 Bobi Wine, mgombea wa upinzani, akawaambia wafuasi wake waipakue mapema, mkurugenzi wa tume ya mawasiliano ya huko Nyombi Thembo akasema hadharani kwamba hata hiyo wana uwezo wa kuizima, watengenezaji wakamjibu kwamba haizuiliki, na jioni ya 13 Januari intaneti ikazimwa nchi nzima. Katikati ya hayo majibizano ndo watu wakabaki hawajui washike lipi.

Nani alikuwa sahihi? Kwa ninavyoelewa, kila mmoja alisema nusu. Ni kweli hakuna seva ya kuzima, hakuna swichi moja ambayo mtu atashika Bitchat ya nchi nzima ikalala, kwa sababu haipo sehemu moja, iko mifukoni mwa watu. Lakini serikali inaweza kuagiza iondolewe kwenye maduka ya apu, inaweza kuvuruga mawimbi ya Bluetooth kwenye eneo dogo kama uwanja au makutano ya barabara, na mtu yeyote anaweza kujipenyeza kwenye wavu ule ule akaujaza meseji za uongo. Kuna kitu cha nne pia ambacho ni rahisi kuliko vyote, nacho ni watu wenyewe kuogopa wakaifuta. Wavu ukikosa watu umezimika bila mtu kubonyeza chochote.

Sasa kuna mkanganyiko mmoja ambao naomba usome taratibu. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja anaapa kabisa kwamba yeye kaongea na watu wa mbali, mkoa mwingine, hata nchi nyingine, kwa Bitchat, bila bando. Hawadanganyi kwamba waliongea, wanachokosea ni hilo la bila bando. Ndani ya apu kuna sehemu mbili. Moja imeandikwa #mesh, hii ndo Bluetooth yenyewe, ya watu walio karibu. Nyingine ni vyumba vya maeneo, kuna cha jirani kabisa, cha mtaa, cha mji, mpaka cha mkoa na ukanda mzima, na hivi vinapita kwenye intaneti kupitia mfumo unaoitwa Nostr. Viliongezwa baadae ili mtu asikute ukimya akifungua apu, na ni kitu kizuri, lakini siku intaneti ikizimwa vyote hivyo vinazimika pamoja nayo na unabaki na #mesh tu. Ukitaka kujua unatumia ipi, zima data na waifai kabisa uone nani anabaki. Wale wanaobaki ndo wavu wako halisi.

Kwa hiyo na lile la kwamba utaongea na mama kijijini Bariadi ukiwa Dar, hapana. Ile namba ya zaidi ya mita 300 iliyoandikwa sana mwanzoni yenyewe ni kwa kurushiana simu hadi simu. Piga hesabu ya meseji kuruka mara 7 makumi ya mita kila mruko, hata mambo yakienda vizuri sana unatoka soko moja mpaka kituo cha basi kinachofuata. Haivuki hata wilaya.

Watu wa Android wengine wameshtuka kwamba inaomba ruhusa ya kujua ulipo, wakasema hii ni ya kipelelezi, wakaifuta. Nawaelewa, tena mtu anayejiuliza hivyo namheshimu. Ila hapo sababu ni Android yenyewe. Apu inayotafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu inaweza kukisia uko wapi, ukiwa karibu na spika fulani ya duka fulani basi uko dukani, kwa hiyo Android kwenye simu zenye matoleo ya zamani kidogo iliamua kutafuta Bluetooth na ruhusa ya eneo viende pamoja. Vile vyumba vya maeneo navyo vinahitaji kujua uko wapi ili vikuingize cha kwenu.

Na jina lenyewe limewachanganya wengine, wanadhani ukiitumia unaingia mambo ya bitcoin na kukatwa hela. Dorsey ni mpenzi wa bitcoin hilo anajulikana nalo, lakini kutuma meseji humu huhitaji bitcoin, huhitaji pochi ya mtandaoni, huhitaji senti. Mtu akikuomba hela ili "akuunganishe" na Bitchat, huyo ni tapeli. Kweli matapeli walijitokeza, mwanzoni kabla toleo rasmi la Android halijaingia Play Store zilizagaa apu feki zenye jina hili hili na zikapakuliwa na watu maelfu. Angalia jina la mtengenezaji, fuata linki ya kwenye tovuti ya mradi wenyewe, usichukue faili la APK, yaani faili la kuweka apu kwenye simu bila kupitia duka, kutoka kwa mtu ambaye humjui.

Nimeiacha ya usiri kwa makusudi maana ndiyo nzito. Wanasema ukiitumia hakuna mtu anayeweza kukufuatilia. Tofautisha vitu viwili. Meseji binafsi, ile unayomgusa mtu jina ukamwandikia yeye tu, inafungwa kama barua iliyogundishwa bahasha, wale wanaoipokezana njiani hawawezi kuisoma. Lakini unachoandika kwenye #mesh ya wote ni sawa na kuongea kwa sauti kwenye ile daladala, kila mwenye apu eneo hilo anasoma, awe jirani yako, awe askari, awe mtu mwenye nia mbaya. Na mawimbi ya Bluetooth mwenye kifaa akiwa karibu anaweza kujua kwamba simu iko hapa inarusha, hata kama hajui umesema nini. Na jina ni la kujiandikia, leo mimi naweza kujiita Asha, kesho Mzee Juma, kwa hiyo ukiona "Mzee Juma" kaandika njia ya Mbagala iko salama piteni, hujui ni Juma yupi. Hili la mwisho ndo linaniogopesha kuliko mengine yote, kwa sababu intaneti ikizimwa watu wana kiu ya habari na habari ya kwanza kuwafikia ndo wanaikimbilia. Mkutane na mtu wako ana kwa ana mapema, apu inawaruhusu kuhakikishana kwa kuskani msimbo kwenye simu ya mwenzio, baada ya hapo utajua ni yeye.

Kuna na kitufe kisicho kitufe, ukigusa lile jina la apu juu ya skrini mara tatu harakaharaka inafuta kila kitu kilichomo. Kijue kwa sababu mbili, ya kwanza ni ya dharura, ya pili ni kwamba watoto wakichezea simu wanaweza kukugusia.

Sasa inafaa wapi? Mimi naona inafaa sana kuliko watu wanavyofikiria, ila sio pale wanapofikiria. Uwanjani siku ya mechi watu elfu sitini na mtandao umekwama, hapo wavu umejaa mafundo. Kwenye kivuko, kwenye mkutano wa injili, kwenye maziko kijijini ambako mnara uko mlima wa pili na waombolezaji wametapakaa makaburini, jikoni na mtoni. Bweni la shule. Soko la Kariakoo ambako kuta ni nyingi lakini watu ni wengi kuliko kuta. Mafuriko, kama mtaa mzima umekatika lakini nyumba zinatazamana. Sehemu yoyote ambayo watu wamebanana na wana apu tayari. Hilo neno tayari nalisisitiza kwa sababu siku intaneti ikishazimwa huwezi tena kuipakua, na ukiwa nayo wewe peke yako mtaa mzima ni sawa na kuwa na simu ya upepo ya upande mmoja. Ukiipakua, mpakulie na jirani wa kulia na wa kushoto na mwenye duka la katikati. Dukani kwa Mangi pale sasa hivi ipo, nilimuomba aiweke, akakubali akasema bora haili bando.

Chaji inakula kiasi, si sana kwa sababu inatumia ile Bluetooth ya umeme mdogo, ila simu nyingi za Android zina tabia ya kuziua apu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza betri, na ikiuliwa wewe umetoka kwenye wavu bila kujua. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu iendelee. Kama simu ya binamu yangu siku ile ingekuwa imeiua apu, angesimama dukani na vitunguu vyake na mimi nisingepata kitu.

Na kwa wale walio mbali, maana najua swali hili litarudi, wale wa Bariadi na Kigoma na Mbarara? Uganda walipozima intaneti Januari, simu za kawaida za kupiga na SMS ziliachwa. Kwa hiyo piga. Tatizo ni kwamba wengi wetu siku hizi hatuna namba za watu, tuna majina yao kwenye WhatsApp tu na picha zao. Shangazi yangu ana daftari la jalada jekundu, limechakaa, kaandika namba za ukoo wote kwa kalamu, na Oktoba ile nyumbani kwake ndo tulikokuwa tunaenda kuazima namba.